Mbwa wa kituo au kijibwa wa kununua: jibu kwa dada wa Kisauni

Dada, kwa faida ya wanaoingia sasa nirudie ulichouliza. Umepanga nyumba yenye ua Kisauni, hapa Mombasa, una watoto wawili wadogo, na wizi wa usiku umezidi mtaani. Kuna muuzaji amekutumia picha za kijibwa wa German shepherd, "wiki sita, chanjo zote tayari", atakayepakiwa basi la usiku kutoka Nairobi ukishatuma nusu ya pesa kwa M-Pesa. Na kuna kituo cha wanyama chenye jike wa kienyeji wa miaka miwili, ameshafungwa uzazi, anatolewa kwa ada ndogo. Umchukue yupi?

Mchukue yule jike. Na sababu yangu kubwa ni umri, kabla hata ya huruma na kabla ya bei.

Tuanze na hiyo kauli ya "wiki sita, chanjo zote tayari". Haiwezekani. Chanjo ya kwanza ya parvo na distempa, magonjwa ya virusi yanayoua vijibwa, hutolewa kati ya wiki ya 6 na ya 8, kisha hurudiwa kila baada ya wiki 3 au 4 mpaka mtoto afikishe wiki 16. Ya kichaa cha mbwa huanza miezi 3. Watu hudhani kurudia ni njia ya daktari kujiongezea pesa, lakini sivyo. Kijibwa hupata kinga ya mama kwenye dang'a, maziwa yale ya mwanzo. Kinga hiyo ikiwa bado imo damuni, huizima chanjo kabla haijafanya kazi. Hupungua taratibu, na kila mtoto hupungukiwa kwa wakati wake, hata waliozaliwa tumbo moja. Tena kuna siku kadhaa ambapo kinga ya mama haitoshi tena kumlinda ila bado inatosha kuizuia chanjo. Ndiyo maana huchanjwa na kuchanjwa tena, ili mojawapo ikute mlango uko wazi. Aliyechomwa sindano moja tu bado yuko hatarini.

Sasa mpandishe basi kijibwa wa namna hiyo, kilomita 480 hivi, ndani ya boksi, hajanywa maji, na tumbo limejaa minyoo. Parvo ikishaingia mwilini hukaa kimya kwa kawaida siku 3 hadi 7, pengine hadi 14, ndipo ionekane. Unampokea akiruka na kutikisa mkia. Siku ya tano anakataa chakula, anatapika, kisha anaharisha kinyesi chenye damu na harufu usiyoisahau. Ukimpigia muuzaji atakwambia umemlisha vibaya, kwani kwake alitoka mzima. Hata nawe huna la kumjibu, maana kweli ulimpokea mzima. Matibabu ni dripu, dawa ya kuzuia kutapika na kulazwa siku kadhaa. Asiyetibiwa mara nyingi hufa.

Ubaya wa parvo hauishi pale. Kirusi chake hukaa kwenye udongo na sakafu miezi mingi, hata mwaka na zaidi, hasa penye kivuli na unyevu. Anayezika kijibwa Jumatatu na kuleta mwingine wiki inayofuata humpeleka kule kule. Sakafu ya saruji inasafishika: osha kwanza kwa sabuni mpaka uchafu uishe, kwa sababu uchafu huiua nguvu ya dawa, kisha mwagia Jik sehemu 1 kwa maji sehemu 20, iache imelowa dakika 10, halafu suuza. Udongo wa uani hausafishiki hivyo. Hapo dawa ni muda, au kuleta mbwa mkubwa aliyekwisha chanjwa.

Yule jike wa miaka miwili, kama amechanjwa, ameshapita hatari hizo. Ukubwa wake unauona, tabia yake inajulikana, na kazi ya ulinzi anaweza kuianza akishakuzoea. Kijibwa hakulindii nyumba mpaka apite mwaka. Tena nyumba nyingi za hapa Mombasa mbwa haingii ndani, na anayechunga udhu wake hataki mate ya mbwa yamguse. Mbwa mkubwa aliyezoea kukaa uani hadhuriki na utaratibu huo, mradi ana kivuli, maji na mtu wa kuzungumza naye. Mtoto wa wiki sita kumlaza nje peke yake ni kumtesa. Mweleze mhudumu wa kituo mapema kwamba mbwa atakaa nje, naye atakwambia kama huyo anakufaa.

Hata hivyo usidhani kituo ni dawa ya kila kitu. Wanyama wanaishi karibu karibu, kikohozi huambukizana, na kijibwa wa kituoni yuko kwenye hatari ile ile ya parvo kama wa dukani. Kwa hiyo nenda na macho yako.

Usimpime mbwa akiwa ndani ya banda huku wenzake wanabweka. Banda humtoa mpole akawa mkali na mkali akajikunyata. Omba atolewe kwa kamba, mtembee mbali kidogo, kaeni chini robo saa. Mwite. Mguse sikio, mguu, mkia. Mpe chakula uone kama anakaza mwili na kukutolea jicho la pembeni mkono ukikaribia bakuli. Kwenye nyumba ya watoto hilo ni kubwa kuliko kubweka. Uliza aliletwa na mwenyewe au aliokotwa, amekaa hapo muda gani, amewahi kung'ata, anaishi vipi na paka na kuku. Watoto wako waende nawe wamwone kabla hujatia saini.

Kisha mwili wake. Inua mdomo uangalie ufizi: uwe wa waridi na wenye unyevu. Ubonyeze kwa kidole mpaka uwe mweupe, uachie. Rangi irudi ndani ya sekunde 2. Ufizi uliopauka hapa Pwani unatufikirisha mambo mawili, safura na magonjwa ya kupe. Chungulia masikio: uchafu mweusi wa chembechembe kama kahawa iliyosagwa ni wadudu wa masikio, wanatibika. Pitisha vidole katikati ya vidole vyake vya miguu na chini ya ukanda wa shingo, ndiko kupe hujificha.

Kuhusu kupe nitasema zaidi, maana wageni kutoka bara hawalitarajii. Kupe wa kahawia wa mbwa si wa porini tu. Anaishi nyumbani na humaliza maisha yake yote humo humo. Jike akishashiba damu hushuka kwa mbwa, hupanda ukuta na kutaga maelfu ya mayai kwenye nyufa. Kuta zetu za mawe ya matumbawe zisizopigwa plasta ni kama zilijengwa kwa ajili yake. Ndiyo maana mtu humwogesha mbwa dawa kila wiki na kupe hawaishi: ametibu mbwa, ukuta ameuacha. Ziba nyufa, nyunyizia banda dawa inayofaa, rudia baada ya wiki mbili kwa waliototolewa, na mbwa apewe kinga ya kila mwezi. Kupe huyu hubeba ehrlichia na babesia, vijidudu vinavyoshambulia damu. Dalili ni homa, kukataa chakula, kukonda, wakati mwingine damu puani. Kwa babesia mkojo huwa wa rangi ya chai ya rangi. Ehrlichia hutibiwa kwa doksisaiklini, kwa kawaida siku 28, na kosa la wengi ni kuacha siku ya kumi mbwa akichangamka. Omba kituo au daktari apime damu ya magonjwa hayo, pamoja na minyoo ya moyo inayoenezwa na mbu, kabla au mara tu baada ya kumchukua.

Dawa za kuogeshea ng'ombe zinazouzwa agroveti zisimguse kijibwa wala paka. Na dawa yoyote ya mbwa yenye permethrini ikipakwa paka humtia degedege na kumuua. Panadol pia ni sumu kwa paka, hata kipande.

Akifika nyumbani, siku chache za kwanza ndizo mbwa wengi hutoroka. Kagua nafasi chini ya lango. Kichwa kikipita, mwili utapita. Hata ndani ya ua mweke kwenye kamba unapofungua lango. Asiogeshwe siku hiyo, majirani wasiitwe kumwona. Kama una mbwa mwingine, watenge siku 14. Chakula chake cha kituoni changanya na chako: robo ya chakula kipya siku mbili, nusu siku mbili, robo tatu siku mbili, kisha kipya chote, ama sivyo ataharisha na utadhani ni ugonjwa. Ugali na dagaa anakula, lakini mabaki ya pilau na biriani hapana, yana vitunguu, navyo huharibu damu ya mbwa na ya paka. Mifupa ya kuku iliyopikwa hupasuka vipande vyenye ncha. Maji ni mililita 50 hadi 60 kwa kila kilo kwa siku, yaani mbwa wa kilo 20 kama lita 1 hadi 1.2, na zaidi Januari hadi Machi.

Banda liinuliwe sentimita 15 kutoka ardhini. Mlango utazame kaskazini: mvua za masika huja na upepo wa kusi, zitapiga mgongo wa banda, na wakati wa joto upepo wa kaskazi utaingia. Paa la mabati matupu huwa tanuri. Weka makuti juu yake au lijenge chini ya mwarobaini, ukihakikisha jua la alasiri kutoka magharibi halilifikii.

Joto ndilo pia linalonifanya nisipendekeze baadhi ya mbwa kabisa kwa mji huu, wanunuliwe au watolewe bure. Pug, bulldog na wengine wa pua bapa hawawezi kujipoza vizuri kwa kuhema, na hewa yetu ina unyevu mwingi. Husky vivyo hivyo kwa manyoya yake. Mbwa akilemewa na joto, akihema kwa nguvu, mate mazito, akiyumba, mmwagie maji ya bomba mwili mzima, mpepee, halafu ndipo umkimbize kwa daktari. Usianze safari kabla ya kumpoza.

Kuna anayehitaji kununua kweli: anataka mbwa wa kazi maalumu wa ukoo unaojulikana. Sawa, lakini anunue kwa mfugaji, na aende mwenyewe amwone mama akinyonyesha. Mtoto asitoke kabla ya wiki 8. Umri utazame mdomoni: meno ya utoto ni 28 na hukamilika karibu wiki ya 8, kwa hiyo pengo pengo nyuma ni dalili ya mdogo kuliko ulivyoambiwa. Kadi ya chanjo iwe na stika ya chupa yenyewe, nambari ya toleo, tarehe, na muhuri wa daktari wenye nambari ya usajili wa Kenya Veterinary Board. Kadi yenye maandishi ya kalamu tu usiihesabu. Chanjo hutunzwa nyuzi 2 hadi 8, na chupa iliyozunguka mfukoni kwenye joto la Mombasa ni maji. Cheti cha East Africa Kennel Club kinathibitisha ukoo, afya ni jambo jingine. Kwa German shepherd uliza picha za eksirei za nyonga za wazazi wote wawili.

Paka sitamshauri mtu yeyote anunue mji huu. Wapo kila kichochoro cha Mji wa Kale, wamezoea joto letu na wanakamata panya. Chukua wawili wa tumbo moja, wafungwe uzazi wakifika miezi 4, maana jike anaweza kubeba mimba umri huo huo. Na ukiuziwa kobe, tumbili au komba, achana naye. Sheria ya wanyamapori ya 2013 inahitaji kibali cha KWS, shirika la wanyamapori la Kenya.

Kwako wewe dada, kama nusu ya pesa hujaituma, usiitume. Muombe muuzaji simu ya video akiwa na kijibwa na mama yake pamoja. Jibu lake litakutosha. Kituoni nenda asubuhi ya siku ya kazi, wahudumu wana nafasi ya kukueleza. Beba kitambulisho, barua ya mwenye nyumba inayoruhusu mbwa, na picha za ua, ukuta na lango, maana wengi hutaka kujua mbwa anakokwenda, na wengine watakuja kuangalia wenyewe. Uliza tarehe ya chanjo yake ya kichaa na uiandike mahali. Hurudiwa kila mwaka, na karibu na 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, ulizia ofisi ya mifugo ya kaunti kama kuna kampeni ya chanjo. Na lango, dada, lizibe chini kabla hujaenda kumchukua.