Na mwaka usio na karafuu je?

Ndugu Mhariri,

Swali lenu la wiki hii linasema: "Mtu mwenye usonji ana kipaji gani, na kipaji hicho kimemsaidia vipi kukubalika kwao?" Chini yake mmemtolea mfano Temple Grandin wa Marekani, aliyezaliwa 1947, akakaribia miaka minne hajasema neno, na baadaye akawa profesa wa mambo ya mifugo anayesikilizwa dunia nzima. Nimelisoma swali hilo na tangu hapo halijanitoka rohoni.

Mimi ni mmoja wa hao mnaowauliza. Ni mwanamke wa Wete, nina usonji, ile hali ya kuzaliwa nayo inayobadilisha namna mtu anavyosikia, anavyosema na anavyochanganyika na watu, na daktari alinithibitishia nikiwa mtu mzima, baada ya kuitwa kila jina. Kipaji ninacho na nitakieleza. Lakini nusu ya pili ya swali ndiyo iliyonichoma. Mmeuliza kama kwamba kukubalika ni ujira, na mwenye usonji hana budi aufanyie kazi kwanza ndipo alipwe. Mtoto mwengine yeyote wa Pemba anakubalika siku anayoadhiniwa sikioni. Hakuna anayemuuliza atakuja na nini.

Nipige hesabu kidogo, maana hesabu hunituliza. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 mtu 1 katika kila watu 127 alikuwa na usonji. Sensa ya 2022 ilihesabu zaidi ya watu 543,000 kisiwani Pemba. Kadirio hilo ni la dunia nzima, halikupimwa hapa, lakini likiwa linatuhusu na sisi basi tuko zaidi ya 4,200 tangu Mkoani hadi Konde. Wamo wanaosoma, wamo wafanyakazi, wamo wenye watoto wao. Wamo pia ambao hawatasema neno mpaka wanaingia kaburini, na wanaotaka kulishwa na kukoshwa kila siku. Sasa hao mnawauliza kipaji gani? Na wakikosa cha kuonyesha, wakae wapi?

Mtihani wangu mimi ni sauti. Skuli niliyosoma kengele yake ilikuwa rimu ya gari imetundikwa mtini, inagongwa kwa chuma. Kila ilipogongwa nilijikunja chini ya dawati na mikono masikioni, na walimu wakaona ni kiburi. Chuoni, pale tunaposoma Kurani, ikawa zaidi, maana watoto wote wanasoma kwa sauti kwa wakati mmoja, kila mmoja na sura yake. Harusini nilikuwa nakimbia ngoma ikianza. Kwa hayo nikaitwa zezeta, nikaitwa taahira, nikaambiwa nina shetani. Nimenyweshwa kombe la maandishi ya Kurani, nimevalishwa hirizi. Wazee wangu siwasemi vibaya kwa hilo, walinihangaikia kwa njia waliyoijua. Hata Marekani, miaka ya 1950 na 1960, wataalamu waliwaambia akina mama kwamba watoto wao wamekuwa hivi kwa sababu mama mwenyewe hana mapenzi. Mama zetu wamesingiziwa kila pahala. Mpaka leo yupo atakayemwambia mama kijana kwamba ni ile chanjo aliyompeleka mtoto. Si kweli. Yale maandishi ya daktari wa Uingereza ya mwaka 1998 yaliyoanzisha maneno hayo, jarida lililoyachapisha liliyafuta 2010. Pelekeni watoto wakachanjwe.

Sasa karafuu.

Ulikuwa msimu mkubwa, mikarafuu ya Mtambwe imebeba hadi matawi yameinama. Nilikuwa msichana, karibu ya kumaliza skuli ya msingi, na ukoo mzima tulihamia shamba. Mchana wakubwa wanachuma, usiku sote tunakaa chini tunachambua, kandili katikati, karafuu huku na makonyo, yaani vikonyo vyake, huku. Kazi ile niliipenda kuliko sherehe yoyote. Hakuna anayekwambia mtazame usoni anapozungumza. Mikono ina la kufanya, mazungumzo yanapita na hulazimiki kuyajibu. Wenzangu walikuwa wakisinzia mmoja mmoja, nikabaki mimi na bibi mpaka rundo liishe.

Siku hiyo ninayoitaja, alasiri mawingu yalianza kutanda na ami akawa na haraka. Karafuu za majamvi ya mbele ya nyumba zilikuwa na siku ya nne juani. Akataka zianuliwe zote, zitiwe magunia usiku uleule, asubuhi zipelekwe kituoni zikauzwe. Kwa macho hazikuwa na kasoro, zimeshakuwa rangi ya kahawia iliyoiva. Nikapiga magoti nikaanza kuzikusanya kwa viganja. Jamvi la kwanza sikusikia tatizo. Jamvi la pili nikasita katikati.

Upande mmoja ulikuwa unalia na upande wa pili umenyamaza. Karafuu iliyokauka sawasawa, ukiipitishia kiganja, kila punje husikika peke yake, huchakarika kwa juu. Ambayo moyoni bado ina maji husogea na wenzake kwa mkumbo, sauti yake nzito na fupi. Mimi hizo ni sauti mbili mbalimbali kabisa, kama mtu na mtu. Nikasema, "Hizi bado." Ami akanambia niache maneno nikusanye. Nikasema tena. Nikaendelea kusema neno lilelile kwa sauti ileile, kwa kuwa mimi nikishika neno siliachi mpaka lisikilizwe, na tabia hiyo ilikuwa ikiwachosha wote. Ami akapandisha sauti. Nikaziba masikio, nikaanza kujitikisa mbele na nyuma. Wachumaji wakaacha kazi wakawa wananitazama, na shangazi akasema kwa uchungu, "Kishampanda."

Bibi alitoka jikoni na mikono yake ina tui. Hakunishika wala hakunisemesha. Alikaa ubavuni kwangu, akawa anaangalia ninakoangalia, akasubiri. Ilichukua muda, na mvua inakuja, na ami amesimama. Nilipotulia akaniuliza, "Zipi?" Neno moja tu. Nikapiga mstari kwa kidole katikati ya jamvi, nikazitenga.

Bibi akatwaa punje upande wa huku, akaivunja kwa ukucha, ikakatika kwa mlio. Akatwaa upande wa pili. Ile ikapinda, ikamwachia maji kwenye ukucha. Akavunja nyengine, na nyengine, huku na huku, hajakuta iliyokwenda kinyume. Kisha akanyanyua kichwa akatazama mnazi uliokuwa umeinamia uwanja wetu. Kuanzia alasiri kivuli cha mnazi ule kilikuwa kinalala juu ya nusu ileile ya jamvi, na kilikuwa kikilala hapo tangu siku ya kwanza. Hakuna aliyekiona, hata mimi sikukiona, mimi nilisikia tu. Ami akachutama akavunja zake mwenyewe. Halafu akasema, "Haya, za upande huu zitieni ndani, jua likitoka zirudi," akaenda kutafuta turubai.

Anayejua karafuu anaelewa kilichokuwa kinaponea chupuchupu. Ukichanganya mbichi na kavu katika gunia moja, zile mbichi huvunda na kuziharibu kavu, na kazi ya familia nzima ikashuka daraja mbele ya mizani. Zetu zilipimwa daraja la kwanza.

Habari ile ilitembea. Kabla wiki haijesha nilikuwa naitwa mashamba ya watu. Jirani mmoja, ambaye alikuwa hawaruhusu wanawe kula sinia moja na mimi, alikuja alfajiri na kanga yake kichwani, akaniita kwa jina langu. Kabla ya hapo mimi nilikuwa "huyo wenu." Nilikwenda nikasikiliza majamvi yake, na nikasikia raha ambayo sikuwahi kuijua. Masikio yale yaliyonifukuza skuli na harusini, ndiyo yaleyale watu wanayatafuta. Sikuyabadilisha kwa dawa yoyote. Yalipata pahala pake tu.

Hapa ndipo ningependa wasomaji wenzangu wa Unguja, ambao karafuu wanaijua zaidi kwenye pilau, wajue jambo moja. Mkarafuu hauzai sawasawa kila mwaka. Ukibeba sana leo, miaka ya mbele hupumzika. Mwaka uliofuata majamvi yalikaa yamekunjwa, na mimi sikuitwa na mtu. Watoto wakarudia majina yao. Shangazi akaanza tena kuulizia mganga. Sikuwa nimebadilika hata kidogo, masikio ni yaleyale na akili ni ileile, ila hapakuwa na cha kusikilizwa. Mwaka huo nilijua nani alinikubali mimi na nani alizikubali karafuu zake. Bibi aliniita jioni kama kawaida, tukakaa chini tukachambua mchele, naye hakuwa na haja nao, ulikuwa mchele msafi.

Kwa hiyo nilipoanza kuandika nilikusudia kuwajibu hapana. Nilitaka niseme kwamba kipaji hakimsaidii mtu kukubalika, kinamkodisha tu kwa msimu, na kwamba gazeti lisiwatie watu njaa ya kutafuta maajabu ndani ya watoto wetu.

Lakini lazima nimseme na yule jirani. Mwaka ule mkavu, walipokwisha kunisahau wengine, yeye aliendelea kuniita kwa jina. Hakuwa na karafuu hata pishi moja. Mtoto wake wa kike alizoea kuja kwetu, akawa anakaa na mimi kimya, na mpaka leo ndiye rafiki yangu. Mlango ule ulifunguliwa na karafuu, siwezi kukataa, na karafuu zilipokwisha haukufungwa. Nimejaribu tangu juzi kuieleza habari hii kwa namna ambayo karafuu hazimo, na siwezi. Bila ya ile alfajiri asingelijua hata sauti yangu ikoje.

Rafiki yangu huyo sasa ana mtoto wa kiume wa miaka saba ambaye hasemi. Ana usonji. Nyumbani kwa wakwe zake wanamfungia ndani wageni wakija. Mtoto anapenda kuteka mchanga na kuuachia upite baina ya vidole, saa nzima, na akiondolewa hulia mpaka anatapika. Mama yake aliniuliza kwa hofu, "Na wangu, kipaji chake nini?" Ndilo swali lenu hilo hilo, na kutoka kinywani mwake sikulichukia. Nilimwambia kwanza amtoe chumbani. Nikamwambia atafute skuli ya jirani inayopokea watoto wa elimu mjumuisho, wenye ulemavu na wasio nao wakisoma pamoja, aende mwenyewe azungumze na mwalimu mkuu. Amzoeshe mtoto kuonyesha picha ya maji, picha ya chakula, picha ya choo, kwa kuwa asiyesema naye ana la kusema. Watu wa nyumbani wapunguze makelele. Hayo ni haki yake, awe na kipaji au asiwe nacho.

Hakutosheka. Alitaka kitu cha kwenda kuwaambia wakwe. Namwelewa. Anaishi nao yeye, siishi nao mimi, na maneno yangu kuhusu haki hayamsaidii pale sebuleni wageni wanapobisha hodi.

Basi jibu langu kwenu ni ndiyo, ingawa nilikaa kuandika kwa nia ya kulikataa. Mtafuteni mtoto kipaji. Anayemchunguza mtoto ili aone anaweza nini, angalau anamtazama, na wengi wetu hatukuwahi kutazamwa. Ila mtafute hali ya kuwa ameshakula, ameshatolewa chumbani, ameshaitwa kwa jina lake, na msimwekee muda. Na kama mnataka kuchapisha mifano mengine, chapisheni na ya mtu ambaye hakuonekana na chochote, mueleze familia yake inamlea vipi. Barua hiyo mimi ningeisoma kabla ya yangu.

Mvua ikitujaalia msimu mwema, nitamkalisha yule mtoto kando yangu usiku wa kuchambua. Akitaka kuzipitisha karafuu vidoleni badala ya mchanga, azipitishe. Nimemwomba mama yake asimwambie mtu kwamba anajifunza kazi.

Msomaji wenu,
Wete, Pemba