Bastola ya 9 mm au .45: nimsikilize mjomba au mke?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nina duka la vifaa vya ujenzi Tabata, na usiku tunalala nyumba ya uani mimi, mke na watoto. Nimeanza kufuatilia kibali cha bastola. Mjomba wangu, askari wa zamani, anasema nichukue .45, eti mtu ukimpiga nayo moja tu haamki. Mke wangu anasema nitafute .22, isiyo na kishindo. Nimsikilize nani?

JIBU: Marahaba. Hizo namba mnazobishania, .45 na .22, ndizo kaliba. Hapa mjini neno hilo tumelizoea kwa wachezaji: "huyu ni wa kaliba ya juu." Kwenye bastola halina sifa hiyo. Ni upana wa tundu la mtutu, basi; zenye nukta hupimwa kwa sehemu ya inchi. Risasi ya .45 ina kipenyo cha karibu milimita 11.5, na ya 9 mm ni 9 na ushee. Mnabishana na mjomba juu ya milimita mbili na nusu.

Nguvu nayo? Ya .45 ina uzito wa gramu 15 hivi, lakini inakwenda polepole, kama mita 255 kwa sekunde. Ya 9 mm ina gramu 8, ila inafika mita 350. Ukipiga hesabu, zote mbili zinatoa karibu jouli 490 (jouli ni kipimo cha nishati). Hiyo hadithi ya moja tu haamki naisikia kila mwezi. Risasi ya bastola haimwangushi mtu kwa ukubwa wake. Anaanguka ikigusa mahali panapomzuia kuendelea, na hapo shabaha ndiyo inayoamua.

Wamarekani wameshapita njia ya mjomba wako. Mwaka 1986, FBI, wapelelezi wa serikali ya Marekani, walipoteza maofisa wawili katika mapambano ya risasi huko Miami, na lawama kubwa ikaangukia risasi ya 9 mm iliyoshindwa kuingia ndani ya kutosha. Wakahamia 10 mm, kisha .40 iliyotoka 1990. Katikati ya miaka ya 2010 wakarudi kwenye 9 mm: risasi zenyewe zilikuwa zimeboreshwa, na maofisa wengi walilenga vizuri na kwa haraka zaidi kwa sababu teke lake, yaani inavyorudi nyuma ukifyatua, ni dogo. Tena magazini, kile kibweta cha risasi kinachoingia kwenye mpini, inabeba nyingi. Glock 17 inachukua 17. Colt 1911 ya .45, saba.

Mkeo ana hoja, maana bastola usiyoiogopa ndiyo utakayoifanyia mazoezi. Tatizo la .22 ni kwamba kiwashio chake kimo ukingoni mwa ganda, si katikati, na hugoma kuwaka mara nyingi kuliko nyingine. Usiku wa kuvamiwa hutaki kusikia "tik". Kama 9 mm itamshinda mtu mkono, kuna .380: kipenyo kilekile, ganda fupi, nguvu kama nusu tu.

Kwako wewe nasema 9 mm. Ila kinachonitia wasiwasi zaidi ni hiyo nyumba ya uani. Tabata tunaishi ukuta kwa ukuta. Mlango wa mbao, dari ya jipsamu, bati, dirisha: hakuna kati ya hivyo kinachosimamisha risasi yoyote niliyoitaja. Ya kichwa kilichofunikwa shaba hupenya mwili na kuendelea na safari. Ya kichwa chenye shimo hutanuka na kupunguza mwendo ndani, japo ukikosa itapita ukutani kama mwenzake. Kabla hujanunua chochote, simama usiku pale ungesimama na uangalie kila upande nani analala nyuma yake. Huenda ukagundua kuna kona moja tu unayoweza kufyatulia, au hakuna kabisa, na hapo komeo la chuma na taa ya nje vitakufaa kuliko bastola.

Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015 unaifahamu kwa kuwa umeshaanza taratibu. Kibali ni chako, si cha mkeo wala cha mlinzi wa duka. Na kwa kuwa kuna watoto, kasha la chuma lenye kufuli linunuliwe kabla ya bastola.

Ukipelekwa kwenye uwanja wa shabaha kwa mafunzo, mwombe mkufunzi akupe 9 mm na .45, risasi saba kila moja, mita 7, uzipige haraka. Kisha zipeleke karatasi zote mbili za shabaha kwa mjomba ahesabu matundu mwenyewe.