Jibu: Gari la spoti la zamani kuzima ghafla likipata joto

Pole sana ndugu. Umesema gari lako la 1991 linatembea vizuri, injini ikishapata joto linazima ghafla barabarani, halafu baada ya nusu saa linawaka kama halikuwa na shida. Dalili hiyo naijua, ilinitesa miezi miwili.

Usikimbilie kununua pampu. Likizima tena, lisogeze pembeni, washa taa za hatari, na kabla halijapoa fungua swichi bila kupiga stata. Sikiliza kwa nyuma: pampu ya mafuta inatakiwa ivume kama sekunde mbili. Ikiwa kimya, anza na rilei yake, yaani kile kiboksi kidogo cha swichi kinachoipelekea pampu umeme. Langu lilikuwa na ugonjwa hapo hapo. Nilipofungua kile kiboksi nilikuta risasi ya kuchomelea imepasuka kwenye mguu mmoja, ufa mwembamba kama unywele. Ukipata joto unaachia, ukipoa unashika. Nilichomelea upya, hadi leo linatembea.

Pampu ikivuma, mwambie mtu apige stata nawe utazame mshale wa mizunguko ya injini. Usipotikisika kabisa, shuku sensa ya krankishafti (kifaa kinachosoma mzunguko wa injini), nayo huwa na tabia ya kufa kwa joto na kufufuka ikipoa.

Betri pia ipime: ikiwa imepumzika isome kama volti 12.6, injini ikiunguruma 13.8 hadi 14.4. Ncha za nyaya za ethi (zile zinazounganisha betri na bodi ya gari) zisugue mpaka chuma king'ae.

Ila nakuomba, usiliingize barabara kuu kabla hujapata chanzo. Injini ikizima, usukani na breki huwa vizito ghafla. Tuambie pampu ilivuma au la.