"Orgel" na "Organ": Neno Moja, Herufi Mbili

SWALI: Kwa nini Wajerumani hukiita kinanda cha kanisani Orgel, ilhali Waingereza husema organ?

JIBU: Yote mawili yanatokana na neno la Kigiriki organon, yaani chombo au zana, ambalo Kilatini kililipokea kama organum. Kijerumani cha kale kilikuwa na organa na orgela. Likadumu la pili, ambamo n imegeuka l, na badiliko hilo linapendeza kulichunguza, kwani ukizitamka sauti hizo polepole utahisi ncha ya ulimi ikigusa ufizi palepale. Kiholanzi, Kidenmaki na Kiswidi husema orgel, na Kiafrikana kimelilainisha zaidi kuwa orrel. Kiingereza kilifuata umbo la Kifaransa cha kale, ndiyo maana n yake haikuguswa.