Kubadilishiwa noti Guangzhou, na akaunti inayohama

Ndugu yetu ameuliza ajilinde vipi anapokwenda Guangzhou, China, kwa mara ya kwanza kufuata mzigo wa duka lake la Kariakoo. Wengi mmemtahadharisha kuhusu vibaka, lakini mimi sijawahi kuchomolewa kitu mfukoni katika mji ule. Aliyenitapeli alikuwa dereva wa teksi, huku nikimtazama.

Nilitua uwanja wa Baiyun usiku, nikamfuata mtu aliyenilaki kwa maneno matamu badala ya kupanga foleni ya teksi rasmi. Tulipofika mtaa wa Xiaobei nilimpa noti ya yuani 100, akaipapasa, akatikisa kichwa na kunirudishia akidai kwamba haifai. Nikampa ya pili, nayo akairudisha kwa madai yaleyale. Ya tatu akaipokea na kuondoka. Asubuhi muuza duka alinionyesha kwamba zile mbili nilizorudishiwa zilikuwa bandia, yaani dereva alinibadilishia na kubaki na zangu halali, kwani kola ya Mao kwenye picha ya noti ilikuwa laini kabisa, ilhali kwenye noti halali ukiipitishia ukucha unahisi mikwaruzo. Nilizipeleka benki, wakazichukua bila kunifidia chochote, na ndio utaratibu wao.

Tangu siku hiyo, nikilazimika kutoa noti kubwa naipiga picha namba zake mbele ya anayeipokea. Naona haya kidogo, lakini hakuna aliyenirudishia noti tena. Afadhali zaidi uunganishe kadi yako ya benki na Alipay, programu ya kulipia kwa simu, ungali nyumbani, na kutoka uwanjani upande treni ya chini ya ardhi, njia ya 3 na kisha ya 5, mpaka Xiaobei. Ukipanda teksi, mita iwashwe, na risiti uidai, kwa sababu ndiyo yenye namba ya gari.

Hayo ni ya mamia. Mamilioni hupotelea kwenye malipo ya kiwanda, ambako aghalabu mnunuzi hutanguliza asilimia 30 na kumalizia baada ya mzigo kukaguliwa. Wakati mmoja, zikiwa zimebaki siku chache nimalizie, nilipokea barua pepe kutoka anwani ya muuzaji niliyemzoea, ikisema kwamba kampuni imehamia benki nyingine. Nilimpigia kwa video, naye akashangaa kuliko mimi, maana anwani yake ilikuwa imedukuliwa. Siku hizi jina la akaunti nalilinganisha na lile la leseni ya biashara, herufi kwa herufi, na akaunti ya mtu binafsi siitumii hata yuani moja.