Usifundishe modeli yoyote kabla Mthai hajausoma msamiati wako

Mkuu, simama hapo hapo. Funga hiyo kompyuta kwanza.

Umeandika kwamba unakwenda Thailand kwa umahiri, tasnifu yako ni kupanga katika makundi maswali ya wakulima wa mpunga yaliyoandikwa kwa Kithai, ontolojia (ramani ya dhana na uhusiano wake) upande mmoja na mashine inayojifunza upande wa pili. Umeuliza mambo manne: Protégé (programu ya kujengea ontolojia) au kuandika OWL, lugha yake, kwa mkono, SVM ya kizamani au WangchanBERTa, ile modeli kubwa ya Kithai, maswali mangapi yanatosha, na kama posho inatosha kuishi Bangkok. Sawa. Halafu chini kabisa, kama mtu anayetaja hali ya hewa, ukaongeza kuhusu kile kifaa kinachogeuza maneno kuwa namba za uzito: "Maneno nimeshayakata, nimeyaunganisha kwa nafasi, nimeyaingiza kwenye TfidfVectorizer, imekubali bila shida."

Hapo ndipo chai iliponipalia.

Imekubali! Hata mimi ilinikubalia, mkuu. Ilinikubalia miezi minane mfululizo, bila kosa hata moja jekundu kwenye skrini, na mwisho wake nikalipa muhula mzima kutoka mfukoni mwangu kwa sababu ufadhili ulikuwa umeshakwisha.

Kilichonimaliza ni kwamba kila mtu alinitisha kuhusu mlango wa mbele, yaani kukata maneno. Kithai hakiachi nafasi kati ya neno na neno, nafasi huja mwisho wa fungu la maneno au sentensi. Kwa hiyo kila mhadhara utaonyeshwa ตากลม: ukikata ta-klom ni macho ya mviringo, ukikata tak-lom ni kukaa upepo ukupulize. Kwetu ingekuwa kama kuandika "wanawakewamefika", uulizwe waliofika ni wanawake au ni wana wake. Nikaogopa kweli. Nikatumia karibu miezi minne nikishindanisha wakataji, yaani programu za kukata maneno: newmm ya PyThaiNLP, maktaba ya Kithai, inayotumia kamusi, Deepcut ya mtandao wa neva, AttaCut iliyokuja kwa ajili ya kasi. Nikachora na jedwali la rangi. Nikajiona fundi.

Mwizi akaingia kwa dirisha la choo.

Sikiliza vizuri, maana hili ndilo swali ulilopaswa kuuliza. Ukishakata maneno na kuyaunganisha kwa nafasi, wewe unaamini TfidfVectorizer ya scikit-learn, maktaba ya Python, itakata penye nafasi tu. Haifanyi hivyo. Isipoelekezwa vingine inatumia kanuni yake yenyewe, `(?u)\b\w\w+\b`, yaani: okota kila mfululizo wa herufi mbili au zaidi, kisichokuwa herufi, tarakimu au mstari wa chini kichukulie kuwa ni mpaka. Kwa Kiingereza hakuna shida. Lakini katika Unicode, ile orodha ya alama za maandishi ambayo kompyuta inafuata, konsonanti za Kithai na baadhi ya irabu zake zinahesabiwa kuwa herufi, ila irabu zinazokaa juu au chini ya konsonanti, pamoja na alama zote nne za toni, zimewekwa kundi jingine la alama zinazopandishwa juu ya herufi. Python ikifika kwenye alama ya toni inaiona kama unavyoona koma. Inakata hapo hapo, inaitupa, na kipande kikibaki na herufi moja nacho kinatupwa.

Umewahi kuijaribu kwa Kiswahili? Weka "ng'ombe" humo. Atatoka amechinjwa: "ng" na "ombe". Weka "ng'oa magugu", mkulima anataka kung'oa, mashine inasikia "oa". Kwetu ni maneno machache, tunacheka tunaendelea. Kithai ni neno baada ya neno.

Sasa angalia mdudu wangu. Adui mkubwa wa mpunga kule ni yule mrukaji mdogo wa kahawia, kitaalamu Nilaparvata lugens, na Wathai wanamwita phlia kradot si namtan: phlia ni jina la jumla la vidukari na jamaa zao, kradot ni kuruka, neno "si" (สี) ni rangi, namtan ni sukari, maana wao rangi hiyo wameipa jina la sukari kama sisi tulivyoipa la kahawa. Phlia inaandikwa เพลี้ย. Herufi tatu za kwanza, halafu irabu juu, halafu alama ya toni juu ya irabu, halafu herufi moja ya mwisho. Pitisha kwenye ile kanuni: herufi tatu za kwanza zinabaki, เพล, alama mbili zinatupwa, na ile ya mwisho inatupwa kwa kuwa iko peke yake. Namtan, น้ำตาล, inapoteza kichwa na kubaki mkia usiosomeka. Lile la rangi, สี, linafutika kabisa.

Uchafu mtupu ungenisaidia, ningeshtuka. Tatizo ni kwamba เพล ni neno halali la Kithai. Linasomwa phen, na maana yake ni mlo wa watawa wa Kibuddha wa saa tano asubuhi, maana baada ya adhuhuri hawali.

Basi jichoree picha mwenyewe. Kikao cha kamati, mimi na suti ya kuazima, slaidi ya kumi na moja: "Maneno yenye uzito mkubwa katika kundi la wadudu." Neno la kwanza kabisa, maandishi makubwa: เพล. Mimi naelezea kwa kujiamini jinsi modeli ilivyojifunza istilahi za wadudu. Profesa mmoja, mzee wa maneno machache, akavua miwani, akaivaa tena, akauliza taratibu: "Hawa wakulima wako, wanaulizia chakula cha watawa?"

Nikasema ndiyo, mkuu. Nilikuwa sijui kusoma Kithai zaidi ya menyu. Khao man kai nasoma hata gizani. Nikajibu, "Ndiyo, profesa, ni mojawapo ya matokeo tuliyoyagundua." Naomba msinicheke, hata mke wangu hajui sehemu hii.

Akasogea slaidi inayofuata, kundi la magonjwa. Neno la kwanza: ไหม. Hiyo ni chembe ya kuulizia, ile "je?" ya mwisho wa sentensi. Ugonjwa mkubwa wa mpunga unaosababishwa na kuvu wanauita rok mai, ugonjwa wa kuungua, na mai ya kuungua ni ไหม้. Tofauti yake na "je?" ni kale kaalama ka toni hapo mwishoni, na kalikuwa kametupwa. Kwa hiyo mkulima anayelia kwamba shamba linaungua, na mkulima anayeuliza kama mbolea ya urea iko dukani, kwa modeli yangu wote walikuwa wanaumwa ugonjwa mmoja.

Sasa gharama. Ontolojia yangu ilikuwa inatafuta majina ya dhana ndani ya msamiati ule ule uliochinjwa. Miezi mitatu nilikuwa nimekaa na Protégé nikipanga: magonjwa ya kuvu huku, ya bakteria kule, rok khop bai haeng, ugonjwa wa kukauka kingo za majani, nikaiweka chini ya bakteria Xanthomonas oryzae, nikabishana na watu kama mdudu ni kisababishi au ni mbebaji, HermiT, kikaguzi cha mantiki ya ontolojia, ikapita bila kulalamika hata mara moja. Ilikuwa duka zuri lililojengwa bila mlango. Jina la mdudu haliwezi kukutana na "mlo wa watawa". Safu za ontolojia kwenye jedwali la sifa zilikuwa karibu sifuri tupu, mstari kwa mstari, na mimi nikaandika sura nzima, kurasa thelathini na kitu, kwa lugha ya kisomi kabisa, inayohitimisha kwamba ontolojia haisaidii kupanga maandishi ya Kithai. Nilikuwa nimeshatuma na muhtasari wa kongamano. Kuuondoa ndiko kulikoniuma kuliko ada.

Utauliza, kwani alama za usahihi hazikukuonya? Hazikuonya. Maneno yasiyo na alama juu yalipona, na hayo yalitosha kuburuza modeli. Halafu kundi moja lilikuwa limejaa kuliko mengine. Tazama data ya Wisesight inayotumiwa na wengi kupima hisia za Kithai: ujumbe 26,737, na 14,561 kati yake uko upande wa "si nzuri si mbaya". Ukijibu hivyo kwa kila kitu huku umelala, unapata zaidi ya asilimia 54. Maswali mle ni 575 tu. Mimi nilikuwa nimelala vilevile, ila kwa jedwali la rangi.

Na sasa nitapike kidogo. Kuna kaka mmoja wa mwaka wa mbele, simtaji, aliyenipa faili la msimbo tayari-tayari, juu yake ameandika "INAFANYA KAZI, USIGUSE". Nikamheshimu kama msahafu, sikugusa. Nilipomrudia baada ya kikao aliniambia yeye data yake ilikuwa ya Kiingereza. Ya Kiingereza, kaka! Na uliniona naingia maabara na kamusi ya Kithai kwapani kila siku! Kuna na msimamizi msaidizi aliyeniambia "kukata maneno ni tatizo lililokwisha kutatuliwa, wakataji wana asilimia tisini na kitu". Tisini na kitu ya wapi? Hizo alama nyingi zimepimwa kwenye BEST, mkusanyo wa maandishi wa NECTEC, kituo cha taifa cha teknolojia cha kule, ambao ni habari, makala, ensaiklopidia na riwaya. Mkulima wa mkoa wa Suphan Buri anayeandika kwa kidole gumba akiwa tuta la shamba haandiki riwaya. Halafu hata ukate kwa asilimia mia, kinachofuata kikikata upya unafanyaje?

Haya, kanuni yangu ni moja na ninaigawa bure: chapa msamiati ambao modeli inauona, kwenye karatasi, ukasomwe na Mthai asiyejua kompyuta, kabla hujafundisha chochote. Msamiati ule uliokaa ndani ya vectorizer baada ya kila kitu, ndio namaanisha. Matokeo ya mkataji hayatoshi, mimi niliyatazama hayo mara mia na yalikuwa masafi.

Nasisitiza asiyejua kompyuta, kwa sababu anayejua atakuhurumia na kukisia ulichokusudia. Mimi nilimpelekea mama anayeuza chakula chini ya bweni, tunamwita pa, mama mkubwa. Nilimpa kurasa sita na kalamu nyekundu. Alimaliza kabla wali wangu haujapoa. Aliniambia pia kwamba wakulima hawaandiki jina refu la mdudu, wanaandika phlia long, phlia wameshuka, na hilo halikuwa popote kwenye ontolojia yangu iliyopitishwa na HermiT. Kesho yake nikaliongeza kama jina mbadala. Pa hakutaka hela, alitaka nimalize mboga.

Kurekebisha kwenyewe ni aibu, ni dakika mbili: ipe vectorizer mkataji wako moja kwa moja kwenye `tokenizer`, na `token_pattern=None`. Usiunganishe kwa nafasi. Miezi minane kwa dakika mbili, hesabu mwenyewe.

Pa alinikamatia na hili: kuna majina niliyoyanakili kutoka PDF, kwa macho yako ni yale yale, kwa kompyuta siyo. Ile irabu ya "am" iliyomo kwenye nam, maji, ina namna mbili za kuhifadhiwa, alama moja au vipande viwili, na PDF hupenda kuivunja. Karatasini aliona vitone vimekaa pembeni. Kuna `normalize` ya PyThaiNLP inayorudisha mambo sawa, pamoja na wale wanaochapa เ mara mbili badala ya แ. Ipitishe kwenye maswali NA kwenye majina ya ontolojia, yote mawili. Majina yenyewe mengi utayapata AGROVOC, orodha ya istilahi za kilimo ya FAO, ina Kithai na hata Kiswahili imo, usianze kuyatunga kama mimi.

Najua utanijibu kwamba wewe utatumia WangchanBERTa, ile ya 2021 iliyosomeshwa GB 78 za Kithai, ina mkataji wake wa vipande na haijui habari za kanuni hii. Kweli. Lakini kabla ya hapo utakuwa "umesafisha" data, sivyo? Na utasafisha kwa ule mstari ambao kila mtu anaunakili, `[^\w\s]`, kuondoa vituo na emoji. Ni ugonjwa ule ule, umebadilisha kanzu. Toni zote zinakwenda na maji, na modeli ya GB 78 inaletewa Kithai kisicho na irabu za juu. Itakupa alama nzuri tu. Ndiyo maana nasema karatasi.

Protégé, kwa swali lako. Chukua Protégé, endelea mbele.

Kwa hiyo usiku huu huu, kabla hujamjibu mtu mwingine yeyote hapa: `get_feature_names_out()`, amri inayotoa msamiati wa vectorizer, chapa orodha yote, piga picha, weka kwenye uzi. Namba ya pa bado ninayo na huwa anajibu baada ya saa nane mchana wa kule, wateja wakipungua. Nikiona เพล humo, nakupigia.