Kwa Nini Utabiri wa Eorzea Hukosea?

SWALI: Mhariri, ninaandika kwa lugha ya Python maktaba ndogo ya programu inayotafuta hali ya hewa ya mchezo wa Final Fantasy XIV, ili wanaovua samaki mchezoni wajue mvua itanyesha lini. Mara chache jibu lake hulingana na ninachokiona mchezoni, lakini mara nyingi halilingani. Je, chanzo ni tofauti ya saa kati ya Dodoma na seva? – Msomaji, Dodoma

JIBU: Ndugu msomaji, saa za Dodoma hazihusiki, mradi uanzie na sekunde zinazohesabiwa tangu Januari 1, 1970 kwa saa za Greenwich, ambazo ni zilezile duniani kote. Saa moja ya Eorzea, ulimwengu wa mchezo huo, ni sekunde 175 za kwetu, siku nzima ni dakika 70, na hali ya hewa hubadilika kila baada ya saa 8 za huko, yaani dakika 23 na sekunde 20. Idadi ya siku kamili za Eorzea tangu mwanzo huo wa 1970 huzidishwa kwa 100, kisha hujumlishwa saa ambayo kipindi kitaisha: 8, 16 au 0. Hakikisha kipindi cha mwisho hukukiandikia 24.

Kosa lenyewe nalishuku katika hatua inayofuata, ambapo namba hiyo husogezwa biti (tarakimu za 0 na 1) 11 kushoto na kuunganishwa kwa XOR (biti zinazotofautiana hutoa 1, zinazofanana hutoa 0) na ile ya awali, kisha tokeo husogezwa biti 8 kulia na kuunganishwa tena na tokeo hilo kabla ya kusogezwa, na mwishoni huchukuliwa baki la kugawanya kwa 100, ambalo ndilo huamua hali ya hewa. Kanuni hii imejengwa juu ya namba za biti 32 zisizo na hasi. Python haina kikomo hicho, hivyo biti za juu zilizopaswa kudondoka hubaki na kuharibu hesabu. Baada ya kusogeza kushoto, chukua baki la kugawanya kwa 4,294,967,296.

Ule ulinganifu wa mara chache usikupotoshe. Limsa Lominsa, mji mmojawapo wa mchezoni, hugawiwa mawingu 20, anga safi 30, anga nzuri 30, ukungu 10 na mvua 10 katika kila 100, kwa hiyo hata namba ya kubahatisha italingana takriban mara 1 kati ya 4. Jaribu vipindi vingi mfululizo kabla ya kuiamini maktaba yako, na uifanye ipokee sekunde kutoka nje badala ya kusoma saa yenyewe. Hapo ukiongeza sekunde 1,400 utapata kipindi kijacho.